Mkono wa Skola Kwenye Droo ya Tatu

Usiku wa jana niliota naitwa kwa kipaza sauti, majina yangu yote matatu, nifike Idara ya Shabaha kabla ya chai ya saa nne. Nikavaa shati la kanisani. Mtu akikuita majina yote matatu, ujue hakuiti kwa salamu.

Ila kabla sijaingia huko ndani, niwaeleze kwanza, msije mkapotea. Mjukuu wangu Skolastika, sisi tunamwita Skola, anacheza zile gemu za kufyatuliana risasi kwenye kompyuta. Damu yenyewe hakuna. Mtu akipigwa anatoweka, halafu anarudi kama katoka kunywa maji. Bunduki anaiongoza kwa mausi, kale kadude kanakokaa kiganjani kama kipande cha sabuni iliyoisha nusu. Katikati ya kioo kuna alama ndogo, kama ile ya kujumlisha. Unaipeleka juu ya adui, unabonyeza. Basi, ndiyo gemu.

Jumamosi hii vijana wa hapa Ifakara wanachagua watu watano wa timu, na Skola ndiye msichana peke yake aliyejiandikisha. Wamemwambia wazi kwamba mkono wake umezoea mbuzi ya nazi, asiwapotezee muda. Akikosa mbele yao, ndiyo imetoka hiyo.

Na mimi babu yake nikajitia kusaidia. Nikamwambia zamani tulipokuwa tunaamia ndege, yaani kulinda mpunga usiliwe, nilikuwa nampiga kweleakwelea jicho la kushoto kwa kombeo, hatua mia. Akaniuliza kama kweli la kushoto. Nikasema la kushoto, la kulia nilikuwa namwachia aonee njia. Akaomba siri. Nikampa: kaza mkono, bana pumzi, usipepese.

Tangu siku hiyo anaibana ile mausi mpaka kucha zinakuwa nyeupe, na hapigi kitu. Anapiga ukuta. Anapiga mawingu.

Haya, turudi kwenye ndoto.

Nafika Idara ya Shabaha. Ni lile ghala la mpunga la zamani, ila limewekwa zulia na limeondolewa paa. Mezani ameketi kabati la chuma la mafaili, droo nne, kavaa tai.

"Shikamoo, Mzee Wensi," anasema Kabati.

"Marahaba."

Akanikaribisha kiti. Kiti hakuna. Nikaketi hivyohivyo, na nilikaa vizuri tu.

Akafungua droo ya tatu. Mle ndani mna mkono wa kulia wa Skola, kuanzia kwenye kiwiko, umelazwa juu ya gazeti kama samaki. Niliutambua kwa kovu la pasi na ile bangili ya shanga. Vidole vimejikunja kama vimeshika kitu.

Kabati akaniambia mkono huo umezuiliwa. Umeharibiwa na mafunzo yasiyo na cheti, akataka kujua mwalimu ni nani. Nikasema ni mimi. Akaandika. Akasema basi nitafanya mtihani: jicho la kushoto la ndege, hatua mia, kama nilivyomfundisha mtoto.

"Ukipiga, mkono unarudi," alisema. "Ukikosa, Jumamosi mtoto atakwenda hivyo alivyo."

Nikaomba nimwachie wangu badala yake. Akautazama mkono wangu, akasema huo una miaka sabini na sita, vipuri vyake haviletwi tena.

Ila mtihani haufanywi mpaka kwanza kuwe na semina. Mwezeshaji ni Mausi mwenyewe, kakaa juu ya meza, kavaa miwani, waya wake kauzungusha shingoni kama skafu. Wakaleta karatasi ya mahudhurio. Ilikuwa na mistari kumi na miwili na mimi niko peke yangu, kwa hiyo nikasaini mara kumi na mbili. Mausi akanishukuru, akasema mwitikio wa wananchi umekuwa mkubwa.

Somo la kwanza: mchezaji apashe mkono moto kabla ya kuanza. Wakaleta jiko la mkaa. Mausi anageuza mkono wangu kwa koleo, huku na huku, anasema tunataka uive sawa pande zote. Hauumi. Unanukia kama muhogo.

Somo la pili: punguza kasi ya mausi, maana kasi kubwa huleta pupa. Akazungusha kifungo cha shati langu kama redio, nikawa mzito. Sasa nikitaka kugeuza shingo lazima nimsukume Mausi juu ya meza, na meza imekuwa ndefu. Nasukuma. Napita soko, nampita mama anayekaanga vitumbua, namsalimia, anaitikia. Napita makaburini. Nimefika mwisho wa meza, shingo imegeuka kiasi cha kuona mlango.

Mausi akasema, "Umeona utulivu huo?" Nikasema nimeuona, ila nimechoka. Akasema kuchoka ni somo la mwaka wa pili.

Somo la tatu ndilo lililoniponza. Alama ikae muda wote usawa wa kichwa, adui akitokea imkute tayari. Wakanibandikia ile alama ya kujumlisha mbele ya pua. Kila ninayemtazama, inamkalia kwenye paji la uso. Naona mama wa vitumbua naye kaingia ofisini, kashika mwiko, anajikuna katikati ya nyusi.

"Mzee, hebu toa hicho kitu usoni kwangu," anasema. "Mimi mke wa mtu."

Nikainamisha macho kwa heshima. Mausi akanikaripia kwamba hakuna adui mwenye kichwa miguuni. Ikabidi nimtazame yule mama, naye ikabidi aendelee kujikuna.

Mwisho nikauliza lile lililokuwa likinisumbua. Mkono unakazwa au unalegezwa? Mausi akavua miwani. Akasema wapo wataalamu wawili, mmoja anafundisha kukaza, mwingine anafundisha kulegeza, wote wana vyeti na wote wamejirekodi video.

"Sasa nimfuate nani?"

"Mwenye watazamaji wengi."

"Na nani huyo?"

"Wako sawa. Wanatazamana."

Mlango haukufunguliwa, lakini tuko shambani. Mpunga umeiva mpaka umeinama. Mimi nimesimama juu ya dungu, kile kichanja cha miti tulichokuwa tunalindia, na mkononi nina kombeo langu la utotoni, lile la kamba ya katani. Natafuta kidonge cha udongo cha kuweka ndani, sikipati. Mausi akapanda mwenyewe kwenye kombeo, akajikunja.

"Usinibane sana," akasema. "Nina mgongo."

Shabaha alikuwa mgeni rasmi. Alichelewa kwa saa tatu. Ni kweleakwelea kavaa koti na ua kifuani, kaja na kundi lake kama laki moja hivi, likatua juu ya mpunga likasimama kwa wimbo wa taifa. Akatoa hotuba. Alisema amefarijika sana kuwa shabaha yetu, alisema zamani watu walikuwa wanapiga popote tu bila mpango, akaahidi kwamba akipigwa atalifanyia kazi. Tukapiga makofi. Halafu akafumba jicho la kulia, akaliacha wazi la kushoto, akasema yuko tayari.

Kabati akapima hatua mia. Akafungua tena ile droo ya tatu ili mkono nao uone.

Nakaza mkono. Kwenye droo, mkono wa Skola unakaza.

Nabana pumzi. Vidole vya Skola vinaanza kuwa vya bluu.

Nikalegeza kidogo kujaribu, navyo vikalegea. Nikakaza, vikakaza. Wajukuu zangu, mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini lile nililielewa bila ubao. Mtoto alikuwa anafanya kile nilichomwambia, neno kwa neno. Ugonjwa wenyewe nilikuwa mimi.

Ndege laki moja wamenyoosha shingo. Mama wa vitumbua naye kafika, kashusha mwiko. Jicho la mgeni rasmi linanitazama.

"Sijawahi kumpiga ndege," nikasema.

Kabati akauliza, "La kushoto?"

"Lolote. Sijawahi kumpiga ndege hata mmoja maisha yangu yote."

Akafungua faili, akaona nimeandikwa jicho la kushoto, akanitazama. Nikaona nimalize. Nikamwambia kuamia siyo kuwinda. Kazi yetu ilikuwa kuwafukuza. Mama yangu alitukataza kabisa kupiga, maana ndege akidondoka katikati ya shamba, watoto mnaingia kumtafuta, na mnakanyaga mpunga mwingi kuliko ambao angekula. Kwa hiyo tulikuwa tunatupa tu, siku nzima, tunaimba, tunataniana na wa dungu la pili. Mkono mlegevu. Macho hayamtazami ndege mmoja, yanafuata kundi lote kule linakotaka kwenda, na udongo unaurusha huko mbele yao. Sikuwa na haja ya kumpata ndege yeyote.

Na wakati nasema hivyo, wallahi, mkono wangu ukawa umeshaanza kuzungusha kombeo wenyewe, taratibu, kama enzi zile. Sikuuamuru. Nilikuwa bado naongea. Kamba ikaachia.

Mausi akapita juu ya mpunga akisema, "Hapo sasa." Kundi likaruka lote kwa pamoja, mgeni rasmi naye akaruka, akaenda kule ambako ndege huenda siku zote, na Mausi akawa ameshafika. Akambonyeza jicho la kushoto.

Mgeni rasmi akatoweka. Baada ya sekunde tano akarudi kama katoka kunywa maji, akafungua karatasi, akaendelea na hotuba.

Nikasema mimi sikulenga. Kabati akasoma kanuni, akasema imeandikwa shabaha ipigwe, haikuandikwa mpigaji awe anataka. Akachukua muhuri, ule wa zambarau wa mviringo wanaopigia nyama buchani, akaugonga kwenye kifundo cha mkono wa Skola: UMERUDISHWA. Vidole vikakunjuka kimoja kimoja.

"Lakini kuna sharti," akasema. "Utamwambia mtoto kabla hajashika tena mausi."

Nikasaini. Mara kumi na mbili.

Nikaamka, kumekucha. Sikunywa hata chai, nikatoka uani. Nilimkuta Skola bombani ananawa. Nikamwambia yote ya kuamia, kwamba ndege sikuwahi kumpiga, kwamba ile siri ilikuwa ya kubuni, kwamba nilitaka tu anione babu wa maana.

Akafunga bomba. Akakung'uta maji kidole kimoja kimoja mpaka nikajuta kuamka.

"Kwa hiyo jicho la kushoto hakuna," akasema.

"Hakuna, mama."

"Na la kulia?"

"Hata la kulia. Mimi nilikuwa naimba tu."

Akacheka, mpaka akaegemea ukuta. Halafu akaacha kucheka, akaninyooshea mkono wa kulia, akasema haya, nionyeshe ulivyokuwa unashika kweli. Nikauchukua. Vidole vilikuwa vigumu kama vijiti vikavu. Nikavilegeza kimoja kimoja, nikamwambia ashike mausi kama ameshika kifaranga cha mwenzake, na macho yatangulie.

Hapo ndipo nikaona kifundo cha mkono. Kimesuguliwa mpaka ngozi imekuwa nyekundu, na katikati ya wekundu kuna mviringo wa wino wa zambarau.

"Nimeamka nao," akasema. "Nimesugua kwa sabuni tangu alfajiri, hautoki wote. Hebu soma, Babu, mimi naona doa tu."

Nikausogeza juani. Nikasoma herufi moja moja kwa kidole, kama nilivyofundishwa darasa la tatu. U. M. E. R. U. Zilizobaki alikuwa ameshazitoa.