Robo ya Kidonge

Haraka haraka ina baraka zake, hasa dada yako anapokuwa tayari anapanua mdomo wa paka wako.

Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa wazi juu ya cherehani. Fundi wa nguo alikuwa bado anapanga bandeji, pamba na kibano pale Karani, paka wake, aliporudi akichechemea, unyayo umechanwa na bati. Yeye na dada yake mkubwa walimfunga kidonda, damu ikakatika. Ndipo dada huyo, muuguzi mwenye miaka ishirini kazini, akatoa parasetamoli mkobani na kuivunja vipande vinne.

"Mtoto wa kilo nne ningempimia hivi hivi. Mshike kichwa."

"Dada, paka si mtoto. Dawa hiyo inawaua."

"Umesomea wapi? Sindano yako ni ya vifungo, mdogo wangu. Yangu ni ya watu."

Kidole chake kilikwisha kupita meno ya Karani. Fundi hakungoja. Aliupiga ule mkono kwa nguvu zake zote, kipande kikaruka sakafuni, naye akakikanyaga kikawa unga. Kisha akampigia simu daktari wa mifugo, akaiweka kwenye spika dada yake asikie.

"Hata robo ingeweza kumuua," daktari alisema. "Msimpe chochote. Mleteni."

Muuguzi alisugua vidole vyake vyekundu.

"Haya, nimekosea dawa. Lakini umempiga dada yako mkubwa. Niombe radhi, twende."

Fundi alimfunga Karani kwenye kanga.

"Nitakukanda mkono huo wiki nzima, dada. Radhi siombi."