Cheti cha Duku

Bi Mwanasiti alitoa hukumu jikoni, mwiko mkononi, na mumewe hakupewa nafasi ya kukata rufaa. Mbwa aondoke. Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na yeye hakutoka Mombasa mpaka New Hope, Minnesota, ili malaika wampite waende kwa jirani.

"Ni Brandon aliniomba," Badawy akajitetea.

Brandon wa mlango wa pili alikuwa amehamia Texas na kumwachia mbwa wake, Duku, kwa wiki mbili tu. Wiki mbili hizo sasa zilikuwa na miezi minane.

"Halafu, mama Fathiya, mbwa wa kuwinda ameruhusiwa." Mtu aliyesinzia kila darsa tangu utotoni, siku hiyo aliamka mwanachuoni.

"Wa kuwinda? Huyo awinda nini? Usingizi?"

Duku, labrado mweusi mwenye tumbo la mstaafu, alikuwa amelala chali mlangoni, miguu yote minne hewani. Hakusaidia kesi yake hata kidogo.

"Nipe muda nikuletee cheti kuwa ni wa kuwinda."

"Mwisho wa Juni. Pasipo cheti, Jumatatu yake aenda kituo cha wanyama wasio na wenyewe kule Golden Valley, na nitampeleka mwenyewe."

Badawy alimpenda yule mbwa, tena kwa namna ambayo mwanamume wa Kibokoni, Mombasa, hathubutu kuikiri barazani. Akirudi jioni kutoka dukani kwake alikotengeneza simu, binti yake Fathiya hakuinua macho kwenye simu yake, na mkewe alimuuliza kama amekumbuka maziwa. Aliyesimama kumlaki alikuwa Duku peke yake. Kumpoteza ilikuwa ni kurudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayejua kama ameingia au ametoka.

Basi akatafuta kwenye mtandao, akawapata watu wanaotahini mbwa wa kuwinda. Walikuwa watu wazima, wamevaa nguo za rangi ya majani ili bata wasiwaone, na bata wenyewe walikuwa wamekufa tangu juzi. Mtu anapiga bunduki isiyo na risasi, mwingine anarusha bata maiti, na mbwa anatakiwa atulie, atazame anakoangukia, atumwe, amlete mpaka mkononi. Akifanya hivyo mara nne, mbili nchi kavu na mbili majini, amefaulu. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila afikaye kiwango hupewa utepe na cheti, na wenzake wote humpigia makofi.

Badawy alifanya mazoezi nyuma ya jengo lao, kwa soksi iliyojazwa mchele. Wiki ya kwanza Duku alikula mchele. Wiki ya pili alikula soksi. Kufikia Mei alikuwa anatulia, anakwenda, analeta, na msikitini watu wameshaanza kumwita Badawy "kocha".

Mtihani ulifanyika Jumamosi ya mwisho ya Juni, kwenye shamba moja lenye bwawa, mashariki ya Oakdale. Mwanasiti alikuja na buibui lake jipya, kushuhudia anguko kwa macho yake. Alisimama na Fathiya nyuma ya kamba ya watazamaji, mbali na mbwa wote.

Bata wa kwanza, mkononi. Wa pili, mkononi. Wa tatu alitoka majini, mkononi. Jaji, mama wa makamo aitwaye Ernestine, aliandika huku akitabasamu, na Badawy akaanza kupanga mahali pa kutundika cheti.

Mlio wa nne ukasikika, bata akaanguka katikati ya bwawa. "Leta!" Duku akaogelea, akamkamata, akatoka, akajikung'uta. Akamtazama Badawy. Kisha akampita kama asiyemjua, akapenya chini ya kamba, akaketi mbele ya Bi Mwanasiti na kumwinulia bata.

Mwanasiti akanyoosha mikono miwili, akampokea, mate ya mbwa yakimchuruzika vidoleni.

"Ahsante, baba," akasema kwa upole, kwa mazoea. Hilo "baba" ndilo lililomuumbua.

"She feeds him every morning, Dad," Fathiya akasema. "Sambusa. The meat ones."

Mbwa kulishwa sambusa za nyama kila asubuhi! Badawy alishikwa na wivu, wivu hasa. Yeye kila asubuhi aliambiwa sambusa zimekwisha.

Ernestine akaja, kichwa upande. Sheria inasema bata apokewe na mkono wa aliyemtuma mbwa. Duku amefeli.

"Afeli?" Mwanasiti akang'aka. "Fathiya, mwambie huyu mama mkono ni mkono! Kwani huu wangu ni mguu?"

Fathiya akatafsiri, kwa adabu zaidi. Jibu likawa lilelile, ila Agosti kuna mtihani mwingine.

"Basi Jumatatu ni Golden Valley," Badawy akasema.

"Nani aenda Golden Valley?" Mwanasiti akamkata jicho. "Kijana akisomea udaktari, mwamwita daktari tangu mwaka wa kwanza. Duku yuwasomea kuwinda. Ni mwindaji!"

Akamtia mumewe bata mkononi, akafuta vidole kwenye nyasi, akaomba fomu ya Agosti. Penye jina la mbwa akaandika Duku. Penye jina la mwenye kumwongoza akaandika Mwanasiti, kwa herufi kubwa, kisha akaondoka kuelekea kwenye gari, na Duku akamfuata bila kuitwa.

Badawy alibaki amesimama na bata wake, hajui amweke wapi.