Manyoya ya Siku ya Kumi na Saba

Ujumbe uliingia Alhamisi saa moja asubuhi kwenye grupu ya wapangaji, Awuor akiwa anawakatia sungura majani.

"Wapangaji wote. Kuna mtu ndani ya hii ploti anaiba watoto wa sungura. Tunamjua. Ajipange kuhama kabla mwezi haujaisha."

Jina halikutajwa, wala haikuwa lazima. Katika ploti nzima ya Kitonga, mwenye nyumba aliyeutuma ujumbe huo, pale mtaani Mutuini, mtu mmoja tu ndiye aliyepewa ufunguo wa banda la sungura, na chumba alichokaa kilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Kazi ikienda, chumba nacho kinaenda.

Awuor aliusoma mara mbili, akairudisha simu mfukoni. Halikuwa jambo geni kwake. Kule mtaa wa Jamhuri, alikofanya kazi za nyumba miaka sita, hereni ya mama mwenye nyumba ilipotea, naye akapekuliwa hadi chini ya soli ya kiatu. Hereni ilipatikana kwenye gari la bwana. Hakuna aliyerudi kumwambia pole. Waliomshuku walisahau kabla ya chakula cha jioni. Yeye, miaka tisa baadaye, bado aliikumbuka rangi ya zulia alilosimamishwa juu yake.

Debra, jirani wa mlango wa pili, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe, alikuwa akianika nguo.

"Mama Max, umeona ile kitu kwa grupu?"

"Nimeona."

"Mimi sijasema ni wewe."

"Hakuna mtu amesema."

Debra alikung'uta shuka, akaitundika polepole. "Lakini si nauliza tu. Hao watoto wameenda wapi?"

Kama hata Debra, aliyekopeshana naye chumvi na siri, alikuwa anauliza tu, basi ploti nzima ilikuwa imeshakata kauli.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu, sungura jike wa kwanza alikutwa amejing'oa manyoya ya kifua na kuyapanga kwenye sanduku la kuzalia, kiota laini kama kitanda cha mtoto mchanga. Ndani hamkuwa na mtoto hata mmoja. Jumatano jike wa pili akafanya vilevile. Kitonga, karani wa serikali aliyeshinda ofisini mjini na kurudi jioni na magazeti ya wenzake wa kazi, alipiga picha kiota cha pili, akaingia kwake. Awuor aliiogopa ile picha kuliko kelele.

Jioni ya Alhamisi alimngoja mlangoni pa banda.

"Mzee, mimi sijaiba."

"Sungura hawezi kujing'oa manyoya bure, Awuor. Nimeenda semina mimi. Nina cheti."

"Anaweza. Hii ni mimba ya uongo. Anapandwa, mimba haishiki, lakini mwili unadhani imeshika. Siku ya kumi na saba hivi anatengeneza kiota. Mwenye mimba ya kweli anafika siku thelathini na moja. Angalia tarehe kwa kadi ya kupandisha."

"Hiyo kadi nani anaandika?"

"Mimi."

"Ndio nasema. Mtu anaweza kuwapandisha mapema kwa dume wa nje nikiwa kazini, auze watoto, halafu aandike tarehe anayotaka."

"Na damu iko wapi? Sungura akizaa kuna damu, kuna kondo la nyuma."

"Umesafisha. Si wewe ndio unasafisha?"

Angeacha banda chafu, angeitwa mvivu. Alilisafisha, sasa alikuwa anaficha ushahidi. Asingeandika kadi, angeitwa mjinga. Aliziandika, ndiye mghushi. Wenye mali wana namna hiyo ya kuzigeuza kazi zako zikutolee ushahidi, na hawahitaji hata kukaa chini kuzipanga.

Awuor naye alianza kushuku. Wiki iliyopita mafundi wawili walipima ukuta wa chumba chake kwa utepe, wakanong'ona, wakaondoka. Huenda Kitonga hakuhitaji mwizi. Huenda alihitaji chumba tu.

"Sawa," alisema. "Hao wawili tuwaache. Yule wa tatu, yule mwenye madoa, nani alimpeleka kwa dume?"

Kitonga aligeukia kizimba cha yule mwenye madoa.

"Ni wewe, mzee. Ile Jumatano ya wiki mbili zilizopita hukuenda kazini. Ulikuwa na suruali ya mazoezi ya bluu, ukiongea kwa simu na mtu wa ofisi, ukimdanganya unaumwa tumbo. Mimi nilikushikia mlango."

"Unakumbuka mambo, wewe."

"Hesabu. Jumamosi ndio siku yake ya kumi na saba. Chukua ufunguo, ukae nao. Usiniamini mimi, amini macho yako."

Kitonga aliupokea ufunguo upesi, kama aliyekuwa ameungojea siku nyingi.

Jumamosi aliketi ndani ya banda kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi. Awuor aliketi nje, mbali na waya, mikono mapajani ili kila mtu aione. Wapangaji walipita wakijifanya wanaenda kuchota maji.

Saa nne jike mwenye madoa alianza kubeba nyasi kavu mdomoni. Akazipeleka sandukuni, akarudi, akabeba nyingine. Kisha akainamisha kichwa na kuanza kujing'oa manyoya kifuani, fungu baada ya fungu. Kitonga alitoa simu, akafungua kalenda, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena kutoka mwisho kuja mwanzo.

Saa tisa alasiri jike alikuwa amejilaza pembeni, akitafuna majani kana kwamba hana habari na mtu. Kitonga aliingiza mkono kwenye kiota, akapapasa hadi chini. Joto tu na manyoya.

"Umempa nini huyu?"

"Ufunguo uko kwako tangu juzi."

"Lazima kuna kitu."

"Kipo. Dume umemfungia wapi tangu Desemba?"

"Kwa stoo."

"Stoo ya mabati, haina dirisha. Nilikuambia Januari, ukaniambia niangalie kazi yangu. Jua la saa nane likiwaka, humo ndani ni sufuria. Joto linaharibu mbegu za dume. Anapanda, anaanguka kando, nawe unafikiri kazi imefanyika. Hayo nilijifunza kwenye maonyesho ya kilimo, Jamhuri Park, nimesimama nje ya banda la mifugo kutwa nzima. Sikupewa cheti."

Kitonga alitazama mlango wa stoo na kufuli lake kubwa. "Nilimfungia kwa sababu ya wezi."

"Najua. Wezi ni mimi."

Kitonga alijikuna shingo. Akabonyeza simu. "Haya, nimefuta ile message. Tuyaache hayo. Chukua sungura mmoja, upike kesho."

"Imesomwa na watu kumi na wanane, mzee. Huwezi kuifuta kichwani mwao."

"Sasa unataka nini?"

"Ongea. Kwa sauti, kwenye grupu. Kama hutaki, mimi sirudi bandani; Jumatatu utaenda ofisini na ufunguo wako, na hawa sungura wote utawalisha kwa simu."

Kitonga aliwatazama sungura, kisha saa yake. Akaleta simu mdomoni. "Wapangaji, kuhusu ile maneno ya sungura, kulikuwa na kutoelewana kidogo..."

"Rudia."

"Nimekosea wapi?"

"Hatukukosa kuelewana. Ulisema mwizi. Taja jina langu."

Alifuta, akarekodi upya. Baada ya muda kidogo simu zililia ploti nzima, moja baada ya nyingine, na nyuma ya shuka za Debra sauti ya Kitonga ikasikika nyembamba: "Awuor hakuiba. Hakukuwa na watoto wa kuibwa. Kosa lilikuwa langu, kwa kumfungia dume stoo."

Debra alichungulia. "Mama Max, mimi nilijua tu."

Awuor alimpa kisogo. Alinyoosha mkono kwa Kitonga, naye akamwekea ufunguo wa banda kiganjani. Awuor hakuurudisha mkono.

"Na wa stoo," alisema.