Aliyemcheka Mzee Pazi

Puu! Furushi lilitua nje ya mlango wa duka, kisha gari la magazeti likanguruma na kuondoka. Nilikuwa stoo, napanga katoni za maziwa. Nilimsikia Mzee Firoz, mwenye duka, akitoka na kisu chake kukata kamba, nikangoja aanze kuulalamikia mgongo wake kama kila asubuhi. Hakulalamika.

"Mbarouk! Hebu njoo, yakhe. Njoo uuone uhuru wako."

Ukurasa wa kwanza alikuwa dada Winifrida. Amevaa kofia ya kiua na koti la kiume linalompwaya, mkononi ameshika mkongojo, mdomo wazi kwa kicheko. Juu yake, kwa Kiingereza cha herufi kubwa: AMCHEKA MAREHEMU ALIYEMTUNZA. Chini, maneno yake mwenyewe: "Ndiyo, nilimcheka."

Nilikaa palepale juu ya furushi lile.

Siku ile ya mazishi mimi nilikuwepo. Mzee Pazi alikuwa Mzaramo, Winifrida ni Mnyamwezi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Winifrida alimtunza mzee yule katika nyumba ya wazee kule Edmonton, hapahapa Uingereza, mpaka pumzi ya mwisho, na kila siku walitukanana kwa raha zao. Tuliporudi kutoka makaburini, Winifrida alifanya linalompasa mtani. Alivaa kofia na koti la marehemu, akachukua mkongojo, akachechemea mbele ya nyumba ya matanga huku akifoka kwa sauti ya mzee: "Chai gani hii? Mmeoshea miguu?" Bi Mwanahawa, mjane, alikuwa hajatia kitu kinywani tangu msiba. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba uji.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtu mwenye kamera. Nani alimjali?

Siku chache baadaye mwandishi wa gazeti alibisha nyumbani kwa Winifrida. Dada alinipigia simu dukani kuniuliza kama afungue.

"Fungua, dada!" nilimwambia. "Kule kwetu baba yangu aliacha kutunga mashairi baada ya Mapinduzi, kwa woga tu. Hapa mtu husema na huandikwa. Mweleze utani wote, Waingereza wajifunze."

Akamkaribisha, akampikia chai ya tangawizi, akamweleza mwanzo hadi mwisho. Katika yote hayo walichukua maneno mawili.

"Serikali ilifunge gazeti hili leo hii," alisema Mzee Firoz.

"Hapana. Lisifungwe."

"Una wazimu? Wamemvua nguo dada wa watu!"

"Wakifunga hili leo, kesho watafunga lipi? Nalichukia, Mzee Firoz, natamani kulichana kwa meno. Lakini lisifungwe. Wachape maneno yaliyobaki!"

"Basi waandikie shairi," alisema, akacheka kidogo bila furaha. "Watu hawa wanauza aibu, yakhe. Maneno yaliyobaki nani atayanunua?"

Tulipokwisha kuyapanga magazeti kwenye rafu, mteja aliingia, akalichukua gazeti lilelile, akaweka sarafu juu ya kaunta. Mzee Firoz alizipokea bila kunitazama. Nilitaka kumpokonya yule bwana gazeti. Nikabaki nimekunja ngumi mfukoni, mimi niliyeimba sifa za magazeti ya Uingereza kwa beti ishirini.

Kengele ya mlango ililia tena. Alikuwa Winifrida, na sare yake ya kazi chini ya koti. Alizitazama zile sura zake zilizopangwa kwenye rafu, akageuza macho.

"Wamenirudisha mlangoni," alisema. "Familia za wazee zinapiga simu, hazitaki niwaguse wazazi wao. Kesho asubuhi naonana na meneja. Ama nirudi kazini, ama basi."

"Utamwambia nini?" niliuliza.

"Nitaomba radhi. Nitasema sikuwa na adabu."

"Usithubutu! Ukisema hivyo umemtukana Mzee Pazi kwelikweli!"

"Wewe nyamaza!" Alinigeukia. "Wewe ndiye uliyesema nifungue mlango. Nilimpa yule kijana chai, Mbarouk. Alikunywa vikombe viwili. Alicheka nilipomwigiza mzee. Alicheka na yeye!"

Mzee Firoz alimsogezea kiti, naye akakataa kukaa.

"Bi Mwanahawa anataka kuja kesho kumweleza meneja," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema mtani wake hafukuzwi kazi yeye akiwa hai. Lakini Kiingereza hajui. Mtu ninayemjua wa kumfasiria ni mmoja, na huyo hata akiomba chumvi lazima atie vina."

Mzee Firoz alikohoa kuficha kicheko. Uso uliniwaka moto. Siku nyingine ningemjibu kwa ubeti papo hapo. Niliivua aproni ya duka, nikaiweka juu ya kaunta, nikasimama mbele yake.

"Dada Winifrida, kesho nitakwenda nanyi. Atakalosema Bi Mwanahawa nitalifasiri lote, kuanzia chai ya miguu mpaka uji. Sitapamba neno, na sitakata neno. Nakuahidi, mbele ya Mzee Firoz."