Saa Nane ya Kambini

Wateja wangu wana msemo: fundi akisema kesho, nunua nguo nyingine. Siukatai. Cherehani ni moja, mikono ni miwili, na watu wote hutaka kuoana mwezi mmoja. Lakini katika kamati ya mafuriko ya mtaa wetu, ambako nilijitolea kuwa mpeleka habari, sikuwahi kuchelewa. Kila nilichoambiwa nilikiandika kwenye daftari, neno kwa neno.

Jioni moja kiongozi wa vijana wa utumishi wa taifa, binti mwembamba tuliyemwita Kamanda, alisimama mlangoni mwa kibanda changu. "Bwawa limejaa," alisema. "Kesho wanafungua maji saa nane kamili. Nyumba saba za bondeni ziwe tupu kabla ya hapo."

Nikaandika: saa nane. Nikapita mlango hadi mlango. Kwa shangazi yangu nilikaa zaidi. Nyumba yake ndiyo ya mwisho, karibu kabisa na mto, na miguu imemvimba, hawezi kwenda mbali bila kushikwa. Nikamwambia, "Lala mpaka uchoke, shangazi. Nitakufuata adhuhuri. Na siku kama hizi wezi hujifanya wasaidizi. Usimfungulie mtu mpaka usikie sauti yangu."

Asubuhi yake, saa moja na nusu, nilikwenda shuleni kilimani kufungua darasa la kuwapokea watakaohama. Niliwakuta vijana wamejipanga uwanjani, kamba mabegani, lori linanguruma.

"Mbona mapema hivi, Kamanda?"

"Mapema? Watu wako wako wapi, fundi?"

"Makwao. Saa nane bado."

Alinitazama, akatazama saa yake ya mkononi. Nikamfungulia daftari. Alisoma mstari ule mara mbili.

"Hii ni saa nane ya kambini," alisema polepole. "Kule tunasoma namba kama ilivyoandikwa. Nane, sifuri sifuri. Nimeizoea mpaka nimesahau. Huku mtaani ni saa mbili. Saa mbili hii ya asubuhi."

Jana ningeweza kumwuliza: nane ya mchana? Sikuuliza. Nilijiona mtu wa kuelewa mara moja.

Alipiga simu bwawani. Aliyepokea alisema ukuta umeanza kuvuja, hawawezi kungoja hata dakika. Watapiga honi, kisha maji yatachukua dakika kumi kutufikia.

"Mimi na vijana watatu tunakwenda kwa shangazi yako," Kamanda alisema, tayari anakimbia. "Wewe chukua waliobaki, gonga hizo sita. Wewe ndiye wanayekujua."

Hilo ndilo lililonitisha, kwamba wananijua.

Mlango wa kwanza, fundi redio alikuwa anapiga mswaki barazani.

"Ulisema saa nane."

"Nilikosea. Ni sasa hivi."

Akatema povu. "Suruali yangu ina miezi mitatu kwako. Leo ndiyo umejifunza kuwahi?"

"Jirani, nakuomba."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alitupa mswaki, akaingia ndani, akatoka na watoto wawili kwapani kama magunia.

Mlango wa pili, wa tatu, neno likawa lile lile. Nilikosea. Nilikosea. Kwenye nyumba ya nne mama mmoja alitaka akamue shuka zake kwanza. Kijana mmoja akamnyanyulia beseni zima na maji yake, akaenda nalo, na mama akamfuata akimgombeza njia nzima.

Nilikuwa kwenye mlango wa sita honi ilipolia. Ililia kwa muda mrefu, ikanyamaza. Nikageuka kutazama kilimani. Kamanda alikuwa hajapanda na shangazi. Hapo nikakumbuka nilivyomwambia shangazi: mpaka usikie sauti yangu.

Niliteremka mbio. Kamanda na vijana watatu walikuwa mlangoni.

"Bibi, fungua, maji yanakuja."

"Na mimi nitakuja, saa nane," shangazi alijibu kutoka ndani. "Mwizi mzima, hata kudanganya hujui."

"Shangazi, ni mimi. Fungua."

"Si ulisema adhuhuri?"

"Nilikosea, shangazi."

"Kukosea kwako nakujua. Ngoja niitafute miguu."

Nikamsikia akijikokota, anapumzika, anajikokota tena. Nyuma yangu mto ulikuwa umebadili sauti, kama mtu anayepasua kitambaa kirefu kisichofika pindo. Komeo likalia. Vijana hawakungoja, waliung'oa mlango kwenye bawaba, wakaulaza, wakamlaza shangazi juu yake, wakainua. Nilishika pembe ya nyuma, ya upande wa mto.

"Mara ya mwisho kubebwa nilikuwa bibi harusi," shangazi alisema, sauti inamtetemeka. "Na wale waliijua njia."

Maji yalinishika visigino, kisha magoti. Sikugeuka.

Uwanjani Kamanda aliita majina kutoka kwenye daftari langu. Wote waliitikia. Kisha akaniomba kalamu, akaifuta ile saa nane, akaandika chini yake: kosa letu wawili.

Shangazi alikuwa bado ameketi juu ya mlango wake. Kule bondeni, nyumba yake ilipokuwa, palikuwa na bati moja linazunguka juu ya maji. Alilitazama, huku kidole chake kikilisogeza komeo, mbele na nyuma.

"Fundi," aliniita. Hajawahi kuniita hivyo. "Mlango huu utaushonea nyumba lini?"

"Vijana wangu bado wako hapa miezi mitatu, bibi," Kamanda alisema.

"Sijakuuliza wewe, mwanangu. Nimemwuliza huyu."

Nilitaka kusema kesho. Nikaliogopa neno lenyewe.