Kitufe cha C Kimekwama

Kikokotoo cha wodi ya watoto kilifungwa kwenye mguu wa meza ya dawa kwa kipande cha bendeji, maana vitu vya hospitali vina miguu. Saa nane mchana nesi mgeni, mwenye siku tatu kazini, alikuwa akifundishwa kukitumia na Sista Mkuu, ambaye alikuwa na miaka thelathini kwenye wodi ile na hakupenda kuulizwa mara mbili.

"Unaandika kilo za mtoto, unazidisha kwa kumi, hiyo ndiyo dozi. M+ inaweka jibu, MR inalirudisha, MC inalifuta kabisa."

"Na nikitaka kuanza upya, Sista?"

"C imekwama tangu mwaka jana. Tunabonyeza CE. Kazi ni ile ile."

Kazi si ile ile, na nesi alijua. C inafuta hesabu nzima. CE inafuta namba ya mwisho tu. Ile ya kwanza, pamoja na alama yake ya kuzidisha, inabaki ndani inasubiri. Akapitisha kidole gumba juu ya vitufe.

"Na MR usiiguse ovyo," Sista akaongeza. "Ukiigusa, anarudi."

Kidole gumba cha nesi kilikuwa kimeshaigusa. Kioo kikaonyesha 780, na kwenye kitanda cha nne, kilichokuwa kitupu, alikuwa amelala mtoto wa kike wa miezi saba, kilo sita na nusu, akichezea vidole vyake vya miguu. Mfagizi akamfunika shuka, akaendelea kupiga deki.

Mama yake, mfuaji wa mashuka hapo hapo hospitalini, akaingia akijifuta povu mikononi. Kila siku saa ya kuona wagonjwa huja kuomba abonyezewe.

"Leo nimekuta tayari," alisema. "Asante, mwanangu."

Nesi akapiga hesabu kichwani. Sita na nusu mara kumi ni 65. Ili ipatikane 780, lazima 12 iwe imetangulia. Akafungua daftari la wodi, kwenye ukurasa wa mtoto huyu: kitanda cha tatu, jirani yake, kilo kumi na mbili. Sista alikuwa ameandika 12 na alama ya kuzidisha, akaitwa, akarudi, akabonyeza CE, akaandika kilo za huyu. Kwenye safu ya sababu ya kifo cha huyu paliandikwa homa.

Daktari mfawidhi akachungulia mlangoni. "Wakaguzi wanashuka kwenye gari. Bonyeza MC, haraka."

"Nikibonyeza harudi tena, Daktari."

"Ndiyo ninachotaka."

Mfuaji akamkumbatia binti yake. "Usinifanyie hivyo, mwanangu."

Kidole cha nesi kilikaa juu ya MC. Viatu vya wakaguzi vikasikika kwenye korido. Akakiondoa.

Mkaguzi alikuwa na fomu. "Kikokotoo kipo?"

"Kipo," akajibu Daktari. Mkaguzi akatia tiki.

Nesi akapiga moyo konde. "C yake imekwama. Mtoto huyu alipewa 780 badala ya 65."

Mkaguzi akamtazama mtoto, akatazama daftari. "Huyu alishafariki kwa homa."

"Si homa," mfuaji akasema.

"Mama, fomu inauliza kama kipo. Haiulizi kama kimekwama." Akainama, akakagua kitanda. "Ila hapa hakuna chandarua. Mtoto hawezi kulala hivi."

Daktari akamtuma nesi stoo, ng'ambo ya uwanja, akalete chandarua sasa hivi. Nesi akaenda akigeuka nyuma kila hatua mbili.

Sista alikuwa ameanza dozi ya kitanda cha kwanza. Aliandika 9 na alama ya kuzidisha, mkaguzi akamwita atie sahihi. Aliporudi, mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto anayechemka homa, kilo nane, na hali yake haikuruhusu kungoja. Sista akaona aanze na huyo.

"Sista," mfuaji akamwambia taratibu, "bonyeza C."

"Imekwama, mama," Sista akamjibu kwa upole, akabonyeza CE, akaandika 8.

Mfuaji akamtazama mtoto wa kwenye benchi. Kisha akamsogeza binti yake upande wa ukutani, akanyoosha shuka, akaacha nafasi.