Urea Isiyopashwa Moto

Nilibakiwa na bakteria wa mwisho kwenye friza na subira ya mwisho kifuani. Mwalimu wetu wa maabara alishasema: kimeng'enya changu, protini ninayoitafiti, kisipofanya kazi safari hii, nibadili mada, nianze utafiti upya. Shida ni kwamba bakteria walikitengeneza kikiwa madonge, kama uji uliopikwa na mvivu. Dawa ya madonge ni urea nyingi: inaikunjua protini, kisha unaiondoa urea kidogo kidogo ili protini ijikunje vizuri. Changu hakikuwahi kujikunja.

Urea nayo ina visirani. Ukiikoroga kwenye maji, chupa inapoa kama imetoka kwenye friji, na chembe zinakataa kuyeyuka. Mimi na kungoja ni paka na panya. Nikaweka chupa kwenye jiko la maabara, kama siku zote, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Kobe, alikuwa anaimwaga kwenye sinki.

"We! Una wazimu?"

"Dada, kumbe huwa unaichemsha?"

"Sasa itayeyukaje?"

"Ungoje. Urea ikipata moto inatoa kemikali inayonata kwenye protini. Ikishanata, protini haijikunji tena hata uibembeleze."

Nilitaka kumtukana, kisha nikaelewa. Vile vimeng'enya vyote nilivyovililia, niliviua mwenyewe.

Kobe akanisogezea chupa yake, urea aliyoikoroga tangu asubuhi kwa kazi yake. "Chukua. Yangu itasubiri."

Tukayayeyusha madonge yangu ya mwisho humo, kisha tukaipunguza urea taratibu, tukibadilisha maji kwa zamu.

"Mwenda pole hajikwai, dada."

"Wala hafiki," nikamjibu, lakini nilitulia.

Kesho yake nikadondosha kemikali ya kupimia. Maji yakabaki bila rangi. Nikafumba macho.

"Fumbua," akasema Kobe.

Yalikuwa ya manjano. Kimeng'enya kilikuwa hai, kinafanya kazi. Nililia bila haya, nikampigia mama, simu ikiwa kwenye sauti ya juu.

"Kuna nini? Umefeli?"

"Hapana, mama. Kimekubali. Ila kuna mtu huku naomba umshukuru wewe, mimi nimeishiwa maneno."

Mama hajui urea wala kimeng'enya, na hakuuliza. "Mwanangu," akamwambia Kobe, "umemshika mwanangu mkono mahali ambapo mimi nisingefika. Mungu akuzidishie."

Kobe, ambaye hakosi jibu, aliinuka kitini, akavua glavu, akaipokea simu kwa mikono miwili. "Asante, mama," akasema.